Bahati nasibu ya chama chetu Minnesota: kibali kinatoka kwa jiji au kwa jimbo?

Mama Wanja (Brooklyn Park, Minnesota)

Hamjambo wote. Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama Wakenya huku Minnesota. Tumesajiliwa na jimbo kama shirika lisilo la faida, katiba tunayo, akaunti ya benki tunayo, hata vitenge vya sare tunavyo. Barua ya IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) ya kusamehewa kodi ndiyo bado. Kazi yetu kubwa ni kuwachangia pesa za vitabu watoto wetu wanaoanza chuo, na kila mwaka pesa hizo zinachotwa kutoka mifuko ile ile. Harambee ya WhatsApp mnaijua: "nimeweka hamsini, nani ananifuata?" halafu kimya mpaka Jumapili.

Mwaka huu kamati imeamua tufanye bahati nasibu. Tiketi dola 10. Zawadi ya kwanza televisheni ya inchi 65, ya pili mbuzi mzima kutoka bucha la halali, ameshakatwa na kufungwa tayari kwa friza, ya tatu kadi ya mafuta ya gari, ya nne kusukwa nywele katika saluni ya mwenzetu, ya tano kikapu cha majani ya chai na kahawa kutoka nyumbani. Droo ni Jumamosi tarehe 31 Oktoba kwenye karamu yetu, ukumbi uko Minneapolis. Chakula tutapika wenyewe na kuuza kwa sahani: pilau, sambusa, mandazi na chai.

Sasa tuko katikati ya Septemba na kamati imegawanyika. Wengine wanasema kibali kinaombwa jijini, wengine wanasema ni jimboni. Mwenyekiti wetu anasema tusijisumbue, tuandike "mchango" kwenye tiketi mahali pa bei na mambo yamekwisha. Katibu naye anataka kupeleka tiketi kwa mchapishaji Ijumaa hii. Na huyu mwenye saluni ana swali lake: akiona yetu imefaulu, anaweza kufanya kama hiyo dukani kwake wakati wa Krismasi?

Aliyewahi kupitia haya anisaidie. Sitaki jina la chama liingie kwenye barua ya polisi.

Juma wa Dallas

Mama, mbona presha? Huku Texas tunafanya kila mwaka na hatuombi kibali kwa mtu. Sheria ya bahati nasibu za hisani ilianza kutumika 1990 baada ya wananchi kupiga kura kurekebisha katiba ya jimbo. Kati ya inavyodai ni shirika liwe limekuwepo miaka 3, na tiketi ionyeshe jina na anwani ya shirika, bei, na maelezo ya kila zawadi inayozidi dola 10. Na zawadi isiwe pesa taslimu. Sisi tulitaka kutoa dola elfu moja mkononi, mwanasheria wetu akatuambia nunueni friji.

Babu Ouma (Saint Paul)

Juma, asante, lakini Texas iache Texas. Mambo haya kila jimbo lina yake, na mtu akibeba sheria ya Dallas akaileta Minneapolis ataumia bure.

Mama Wanja, mimi nimekuwa katibu wa chama cha parokia yetu muda mrefu na fomu hizi nimezijaza mpaka watoto wangu wananicheka. Nitakujibu kama ninavyowajibu wale wanaokuja kunishika shati baada ya misa.

Hapa Minnesota kibali hutoa jimbo, yaani Bodi ya Kudhibiti Kamari, ofisi zake ziko Roseville. Lakini jimbo halitoi mpaka jiji liseme neno lake. Kwa hiyo nyote kwenye kamati mna nusu ya ukweli. Fomu inaitwa LG220. Ni ya mashirika yasiyo ya faida yanayochezesha siku 5 au pungufu kwa mwaka, na zawadi zake zote za mwaka hazifiki dola 50,000. Katikati ya fomu kuna sehemu ya jiji, na karani ana visanduku vitatu vya kuchagua. Cha kwanza: limekubali, hakuna kusubiri. Cha pili: limekubali, lakini Bodi isubiri siku 30 ndipo itoe kibali, na kama ni jiji la daraja la kwanza, yaani lile kubwa kwa idadi ya watu, siku 60. Cha tatu: limekataa.

Hapo kwenye siku 60 ndipo watu wanapozama. Minneapolis ni jiji la daraja la kwanza, kama Saint Paul yetu na Duluth. Brooklyn Park siyo. Na fomu inasema wazi kwamba kwa bahati nasibu, mahali panapoandikwa ni pale droo itakapofanyika. Si ofisi ya chama, si nyumbani kwa mwenyekiti, wala si mahali tiketi zinapouzwa. Wewe unaishi Brooklyn Park, lakini kwa kuchagua ukumbi wa Minneapolis umejiingiza kwenye saa ya siku 60, na kutoka leo mpaka tarehe 31 Oktoba siku 60 huna. Karani akiweka alama kwenye kisanduku cha kwanza mmepona. Akiweka kwenye cha pili, droo yenu itakuwa katikati ya Novemba na watu wameshakula pilau wakaenda zao.

Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote, mpigie simu karani wa jiji na umuulize swali moja tu: huwa mnaweka alama kisanduku kipi, na maombi yanapitia wapi mpaka yatiwe sahihi? Kuna miji ambayo mfanyakazi anasaini siku hiyo hiyo. Kuna mingine ambayo jambo linapelekwa kwenye kikao cha baraza, na kikao hakisogezwi kwa ajili ya mbuzi wenu.

Ada ni dola 100 kama maombi yamefika au yamepigwa muhuri wa posta siku 30 au zaidi kabla ya tukio. Chini ya hapo ni dola 150, na hazirudi hata mkinyimwa. Kwenu maana yake ni kwamba tarehe 1 Oktoba ndiyo siku ya mwisho ya kulipa mia.

Viambatisho: wanataka uthibitisho kwamba ninyi ni shirika lisilo la faida. Kama barua ya IRS hamna, chukueni cheti cha mwaka huu kutoka Ofisi ya Katibu wa Jimbo kinachoonyesha kwamba usajili wenu uko hai. Namba ya EIN, ile ya mwajiri inayotolewa na IRS, haitoshi, na cheti cha msamaha wa kodi ya mauzo hakitoshi. Fomu yenyewe inawakataza kuviambatisha, lakini kila mwaka naletewa EIN kama vile ni hati ya shamba. Halafu anayesaini ni kiongozi mkuu wa chama. Wewe mweka hazina unaweza kujaza kila mstari, sahihi ni ya mwenyekiti.

Mwambie katibu wako aache kabisa habari ya mchapishaji Ijumaa. Kibali kina namba, na namba hiyo inatakiwa iwe kwenye tiketi pamoja na jina la chama, tarehe na mahali pa droo, bei na zawadi. Tiketi zifuatane kwa namba na ziwe na kishina kinachobaki kwenu, chenye jina na simu ya mnunuzi. Na msiuze hata moja kabla kibali hakijafika.

Baada ya droo Bodi inataka ripoti ya fedha ndani ya siku 30. Makaratasi yote mnayaweka miaka mitatu na nusu. Nunua boksi la plastiki lenye kifuniko, andika mwaka juu yake, weka vishina humo. Msiwaachie watoto wachoree nyuma.

Sasa la mwenyekiti, kuandika "mchango" mahali pa bei. Mpe salamu zangu, lakini hapana. Sheria inaangalia mambo matatu: mtu ametoa kitu cha thamani, kuna bahati, kuna zawadi. Yakikutana yote matatu ni kamari, uite mchango, sadaka au pole. Mkitaka kukwepa kweli, ondoeni moja. Kila anayeingia mlangoni apewe namba bure, aliyelipa na asiyelipa, hapo hakuna anayenunua bahati. Lakini hapo pia hakuna pesa ya vitabu, sivyo?

Jambo hilo hilo linamjibu mwenye saluni. Biashara haiwezi kupewa kibali cha bahati nasibu, hata ikisema faida itaenda kwa mayatima. Ni ya mashirika yasiyo ya faida tu. Anachoweza kufanya Krismasi ni kuwapa watu nafasi ya kushinda bila sharti la kununua: mtu anaingia, anaandika jina kwenye karatasi, anatumbukiza, hata kama hakuja kusukwa. Akidai lazima usukwe kwanza ndipo uingie, ameshavuka mstari.

Na kwa kuwa umemtaja, mwambie pia kwamba tangu 2019 Minnesota haidai tena wasusi masomo ya lazima wala usajili kwa kusuka tu. Bado nakutana na dada zetu wanaolipa watu wa mitaani "wawashughulikie leseni ya kusuka". Kwa jumla jimbo hili halina leseni moja ya biashara ambayo kila mtu lazima awe nayo. Unaulizwa unafanya biashara gani, na leseni inafuata aina ya kazi na mji uliopo.

La mwisho, na ningelianza nalo: zawadi zenu zote zina thamani gani? Nipe hesabu, maana kuna mlango mwingine.

Mama Wanja

Babu, Mungu akuzidishie. Nimesoma mara mbili na nimempigia katibu simu, tiketi zimesimama. Mwenyekiti amenuna kidogo lakini atapona.

Hesabu ni hii: televisheni 650 (hiyo tunanunua sisi), mbuzi 350, kadi ya mafuta 200, kusukwa 200, kikapu 150. Jumla 1,550. Lakini mbuzi, kusukwa na kikapu tumepewa bure. Tukihesabu tulichotumia sisi ni 850 tu. Mlango huo ni upi?

Saida wa Cedar

Salaam aleikum. Babu Ouma kayamaliza ya tiketi, mie naja na la jikoni, maana naona wote mmelirukia kama halipo.

Shoga yangu Mama Wanja, kibali cha bahati nasibu hakikupi ruhusa ya kuuza hata kikombe cha chai. Chakula ni ofisi nyingine kabisa, ya afya, na Minneapolis ina idara yake yenyewe. Mkihama mji, mnahamia ofisi nyingine. Ukimpigia karani habari za tiketi, usikate simu kabla ya kumuuliza anayesimamia chakula cha hafla ni nani.

Watu wengi wanadhani kwa sababu kuna sheria ya 2015 inayoruhusu kupika nyumbani na kuuza, basi kila kitu ruhusa. Sheria hiyo mie naifanyia kazi, najua. Unasomea, unajisajili na Idara ya Kilimo ya jimbo, na kila pakiti unaibandika karatasi inayosema kimepikwa nyumbani na hakikaguliwi na jimbo. Ni ya vitu visivyodai friji: mikate, keki, biskuti, jemu. Sambusa ya nyama haimo. Pilau haimo, hata ukiipika usiku wa manane ukaileta imefunikwa na shuka.

Kwa karamu yenu njia nyepesi ni mojawapo ya mbili. Ama mnunue chakula kwa mkahawa wenye leseni yake, alete, agawe yeye, na ninyi mchukue pesa ya kiingilio. Ama mpate ukumbi wenye jiko lililokaguliwa, na mwombe kibali cha chakula cha hafla mapema. Mie nimekaa pale kwenye meza na kipimajoto mkononi, mkaguzi kaingia, kauliza maji ya kunawa mikono yako wapi. Si ya kunywa, ya kunawa! Birika lenye bomba, ndoo ya kupokea maji machafu chini, sabuni, karatasi za kufutia. Akiona hivyo anatulia. Akiona beseni moja watu wote wanatumbukiza vidole, ndugu yangu, hata pilau liwe na harufu ya kufufua maiti, hauzi mtu.

Babu Ouma

Saida kasema kweli, na hilo la beseni nimelishuhudia.

Mama Wanja, mlango ni huu. Kama thamani ya zawadi zote za bahati nasibu ambazo shirika linatoa katika mwaka wa kalenda haizidi dola 1,500, halihitaji kibali cha Bodi. Hakuna LG220, hakuna mia. Lakini sikiliza maneno mawili hapo. La kwanza, ni thamani, si mlicholipa. Mbuzi wa kupewa anahesabiwa kwa bei ambayo angeuzwa bucha. Kwa hiyo 850 yako sahau, ninyi mko kwenye 1,550. La pili, ni mwaka mzima, si hafla moja. Mmefanya nyingine tangu Januari?

Hata mkiingia chini ya 1,500, mpigie simu mtaalamu wa leseni wa Bodi anayeshughulikia kaunti yako, ya kwako ni Hennepin, na mpigie karani vilevile. Majiji yanaruhusiwa kuwa na masharti makali kuliko ya jimbo.

Mama Wanja

Tulifanya. Siku ya Akina Mama mwezi wa Mei, seti ya sufuria na leso mbili, vyote kama 180. Hatukufikiria kwamba ni "bahati nasibu", ilikuwa tiketi za dola mbili mbili kwenye pikiniki.

Basi 1,550 na 180 ni 1,730. Nikitoa kikapu, 1,580. Bado. Nikitoa kusukwa pia, 1,380. Lakini dada wa saluni ametangaza kwa wateja wake wote kwamba yumo, nikimtoa nitasukwa na nani mimi?

Karani Mstaafu (Nairobi)

Nawasoma kutoka huku Embakasi na nacheka kwa upole. Msidhani kwetu ni rahisi kuliko huko. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti leseni za biashara na pia udhibiti wa kamari, huku serikali ya kitaifa ikibaki na sehemu yake ya kamari. Kwa hiyo swali la Mama Wanja, jiji au juu zaidi, huku tunalo pia. Upande wa biashara, Nairobi ilianza 2023 kutoa kibali kimoja kinachounganisha vile vya zamani: cha biashara, zimamoto, afya ya chakula, tangazo la nje. Upande wa bahati nasibu tulikuwa na Sura ya 131 ya Sheria za Kenya tangu 1966, na 2025 imekuja sheria mpya ya kudhibiti kamari. Na ukizunguka na kikopo kukusanya michango ya umma kuna Sura ya 106 inayokungoja. Wengi wanaofanya harambee hawajawahi kuisikia.

Swali langu kwa Babu: hiyo ya saluni si ingepigwa mnada tu?

Babu Ouma

Karani kanitoa neno mdomoni. Ndiyo. Mnada si kamari, maana anayetoa pesa nyingi ndiye anayechukua, bahati haimo. Wekeni karatasi mezani, juu yake "Kusukwa nywele, thamani dola 200, anzia 40", kalamu pembeni, watu waandike dau lao mpaka saa tatu usiku. Kikapu cha chai nacho kiwe na karatasi yake. Mimi nimeona kikapu cha chai kikipanda kupita bei yake dukani kwa sababu shemeji wawili walikuwa hawasemezani. Dada wa saluni atatajwa kwenye tangazo na ataona jina lake mezani, hatanuna.

Tiketi za bahati nasibu zibaki na vitatu: televisheni, mbuzi, kadi ya mafuta. Hiyo ni 1,200, na 180 ya Mei ni 1,380. Mna nafasi ya 120 tu mpaka Desemba, kwa hiyo sherehe ya Jamhuri Day isiwe na tiketi za sufuria.

Lakini mwakani, kama mnataka zawadi ya kuvuta watu, ombeni kibali. Dola 100 si kitu mkiuza tiketi 400. Anzeni Julai. Na wanunuzi wasidanganywe kwamba wataikata kwenye kodi kama sadaka. IRS haihesabu tiketi ya bahati nasibu kuwa mchango. Watakuuliza Machi, uwe na jibu.

Mama Wanja

Nimeongea na mtu wa Bodi leo asubuhi, amenithibitishia hesabu ya mwaka mzima na ameniomba niandike thamani ya kila zawadi na niiweke. Karani naye nimempata baada ya chakula cha mchana. Ukumbi tumeubadilisha hata hivyo, tunaenda wa kanisa hapa Brooklyn Park kwa sababu ya jiko. Saida, nimekuandikia pembeni kuhusu birika lenye bomba, kama unaweza kutuazima moja ningefurahi. Mwenyekiti ameshaanza kusema hilo la mnada lilikuwa wazo lake.